Nyota ya Karatasi ya Kaki

Desemba inapoingia, nyumba nyingi za Musoma, Bunda na Butiama huwa na mali ambayo hakuna anayeihesabu: madaftari yaliyokwisha. Shule zimefungwa, mwaka wa masomo umefika ukingoni, na kila mtoto amerudi na rundo la kurasa zilizojaa hesabu, majaribio na alama za kalamu nyekundu. Madaftari mengi bado yamevaa jalada la karatasi ya kaki lililokunjwa kwa uangalifu mwezi Januari. Wakati huohuo, madukani Mukendo na Nyasho, mjini Musoma, minyororo ya plastiki inayometameta imeshaning'inizwa milangoni, na kadi zilizochapishwa mbali zimepangwa kando yake. Kati ya rundo la kaki lililoko nyumbani na minyororo iliyoko dukani kuna uamuzi ambao wengi huufanya bila kujua kwamba wameufanya. Nalitetea rundo la kaki. Naamini kwamba pambo au kadi iliyotengenezwa nyumbani haishiki nafasi ya kitu cha dukani kwa sababu fedha hazikutosha. Cha dukani ndicho kinachoshika nafasi ya kile cha nyumbani. Maana siku haiwi sikukuu kwa kuandikwa kwenye kalenda. Huwa sikukuu kwa sababu watu wametengeana muda kabla haijafika, na sijui kitu kinachoutunza muda huo vizuri kuliko karatasi iliyokatwa na kubandikwa kwa mkono.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa kuwa anayeidharau aghalabu hajapata kuitazama. Nyota ya pembe sita huanza na duara la kaki. Duara hukunjwa nusu, nusu hiyo hukunjwa theluthi tatu zilizo sawa, kisha kipande kinachopatikana hukunjwa nusu tena; mkasi hupita mshazari mara moja tu, na karatasi ikifunguliwa nyota imekamilika. Theluthi zikikosewa hata kwa upana wa ukucha, pembe moja hurefuka na nyingine hudumaa. Mtoto aliyeandika kwenye daftari lake kwamba digrii 360 zikigawanywa kwa 6 ni 60 sasa anaiona hesabu hiyo ikining'inia darini. Gundi nayo hutoka jikoni: unga wa muhogo huvurugwa kwanza katika maji ya baridi ili usifanye madonge, kisha humiminwa katika maji yanayochemka na kukorogwa mpaka weupe wake upotee na uji uanze kung'aa. Kwa kadi hutakiwa manila iliyokunjwa katikati na majani makavu ya mgomba, ambayo Tarime, kaskazini mwa mkoa huohuo, haina uhaba wake. Jani hupanguswa vumbi, hulowanishwa kidogo, hunyooshwa kwa pasi isiyo kali, na hapo huonyesha rangi zake: manjano hafifu upande mmoja, kahawia iliyoiva upande wa pili, na michirizi katikati ambayo hakuna mchoraji aliyeichora. Hapo hukatwa mtumbwi, kondoo, hori, au mwezi mwandamo ikiwa kadi ni ya Idi. Kadi iliyobandikwa hulazwa chini ya jiwe au gunia la mahindi usiku kucha, la sivyo itajikunja kama jani lilivyokuwa. Anayeitundika nyota yake kwa uzi wa nyavu uliobaki ufukweni Mwigobero atakuwa amemaliza kazi hiyo bila kununua kitu isipokuwa manila.

Nimeyataja haya kwa urefu kwa sababu ndiyo ushahidi wangu. Kila hatua inadai subira ambayo haiwezi kuharakishwa: gundi haikauki kwa amri, jani lililokauka mno hupasuka likikunjwa kwa pupa. Na katika dakika zote hizo mtengenezaji ana jina la mtu kichwani. Kadi hii ni ya bibi aliyeko Butiama, kwa hiyo maandishi yawe makubwa. Ile ni ya kaka anayefanya kazi Mwanza, kwa hiyo na mtumbwi uwemo. Mtu hawezi kukata mtumbwi kwa ajili ya mwenzake kwa nusu saa bila kumfikiria kwa nusu saa. Mpokeaji naye, hata asipojua lolote kuhusu theluthi na gundi ya muhogo, huiona nusu saa hiyo mara tu anapoishika kadi.

Historia ya kadi ya kuchapishwa inaiunga mkono hoja hii kwa njia isiyotarajiwa. Kadi ya Krismasi ya kwanza kuuzwa ilitoka London mwaka 1843. Aliyeiagiza ni Henry Cole, mtumishi wa serikali aliyekuwa ameshiriki katika mageuzi ya posta ya Uingereza, na aliyeichora ni John Callcott Horsley. Katikati ilionyesha familia ikinyanyua bilauri, na pembeni watu wakiwalisha na kuwavisha maskini. Cole alikuwa na barua nyingi za kujibu msimu ule na muda wake ulikuwa mfupi, hivyo akatafuta njia ya kuwasalimu wote kwa mpigo. Kadi ya kuchapishwa, basi, ilizaliwa ili kuokoa muda wa kuwaandikia watu mmoja mmoja. Simlaumu, pengine salamu fupi ni bora kuliko kimya. Lakini tangu siku ile kila hatua imefuata njia hiyohiyo: kadi ikachapishwa kwa maelfu, kisha ikaja picha ya simu yenye mishumaa na maneno ya jumla, ambayo kidole kimoja huisambaza kwa watu mia mbili kabla chai haijapoa. Muda uliookolewa ndio uliokuwa zawadi.

Atasema mtu kwamba kadi ni mambo ya Wazungu, na kwamba sisi huku tuna salamu za mdomo. Kweli salamu zetu ni za mdomo, tena ni ndefu. Lakini si kweli kwamba kadi ni ngeni kwetu. Kwa miaka mingi wasikilizaji wa redio walinunua kadi za salamu, wakajaza kwa mkono majina ya ndugu, jamaa na marafiki, wakazituma studio ili zisomwe hewani, na kijiji kizima kikanyamaza kusikiliza kama kimetajwa. Kanga nayo, ambayo kiwanda cha nguo cha MUTEX kiliifanya kuwa kazi ya Musoma pia, ni salamu iliyoandikwa kwenye nguo: anayeichagua husoma kwanza jina la kanga, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, ndipo hutazama rangi. Kwa hiyo ujumbe mfupi kwenye kitu kizuri, ukimlenga mtu fulani, ni desturi yetu ya zamani. Kilichobadilika ni aina ya kadi zinazotufikia. Leo mtu mzima ana kadi ya benki, kadi ya bima, kadi ya kliniki, kadi ya chama, na msimu wa harusi ukifika ana kadi za mchango zenye kiasi na tarehe ya mwisho. Zote ni halali na zote zina kazi. Ila zote zinadai. Zinataka namba, malipo, au ushahidi kwamba wewe ni wewe. Katikati ya kadi hizo, ile yenye kondoo wa jani la mgomba inasimama peke yake, kwani haiombi kitu. Inasema tu kwamba umekumbukwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: hata tukitengeneza kwa mikono yetu, je, hatuigi sikukuu ya watu wengine? Mti uliopambwa ulikuwa desturi ya Wajerumani. Ulienea kwa kasi miongoni mwa Waingereza baada ya gazeti la Illustrated London News kuchapisha, mwaka 1848, picha ya Malkia Victoria na familia yake wakiuzunguka. Miaka kumi baadaye msafiri Mwingereza John Speke aliliita kwa jina la malkia huyohuyo ziwa ambalo wenyeji wake walikuwa na majina yao. Anayeutazama mti wenye theluji ya bandia sebuleni, huku dirishani akiliona ziwa, ana haki ya kuuliza ni wapi mambo yake mwenyewe yalipo. Nakubaliana na swali hilo. Sikubaliani na jibu la kuacha kupamba. Mapambo ya dukani ndiyo yanayotulazimisha kuiga, kwa sababu yanakuja yakiwa yameshaamua Krismasi ifananeje. Mikono iliyoko Bunda haina sababu ya kuamua vilevile. Tazama pamba. Kwingine huwekwa juu ya matawi ili ionekane kama theluji. Bunda ni nchi ya pamba. Kila nyumba ya mkulima inajua kinachoishia kwenye gunia moja, tangu kupanda mvua za vuli zinapoanza, kupitia palizi na wadudu, hadi mizani. Pamba ikiwekwa juu ya tawi huko haina haja ya kuigiza theluji. Iwe pamba, jasho la mwaka uliopita lililoletwa mbele ya sikukuu kwa shukrani. Kiswahili kimelipa zao hili umbo lilelile la kitenzi cha kupamba. Asili za maneno hayo ni tofauti, lakini hapo juu ya tawi yanakutana. Wala hatuhitaji mti wa msonobari wa plastiki katika nchi ambayo Desemba yake huwaka maua mekundu ya mti ambao wengi huuita mkrismasi kwa sababu hiyohiyo.

Butiama ina mfano mkubwa zaidi wa kazi ya namna hii. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa na kuzikwa huko, aliichukua habari ya Injili, iliyotoka mbali na kupita katika lugha nyingi, akaitunga upya kwa tenzi za Kiswahili. Utenzi wa Enjili ulichapishwa mwaka 1996, miaka mitatu kabla ya kifo chake. Hakuikataa habari kwa kuwa ilitoka ng'ambo, wala hakuipokea ikiwa katika vazi la watu wengine. Aliipima mizani, ubeti kwa ubeti, mpaka ikatembea kwa mwendo wa lugha ya hapa. Anayekata hori kutoka jani la mgomba anafanya jambo hilohilo kwa kipimo kidogo. Ni Mwalimu huyohuyo ambaye Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, alionya dhidi ya shule inayomfundisha mtoto kwamba maarifa yamo vitabuni tu na kazi ya mkono ni ya walioshindwa. Mtoto anayeligeuza daftari lililokwisha kuwa nyota anafuata fundisho hilo bila hotuba.

Pingamizi la tatu linatoka jikoni, na ni lazima lijibiwe kwa heshima. Desemba mama ana mengi: kukandika, kufua, kuandaa chakula cha wageni, na kuhesabu fedha ambazo Januari itazidai kwa ada, sare na madaftari mapya. Kumwongezea mapambo ni kumwongezea mzigo. Ni kweli, ikiwa kazi hii itaachwa kwake. Lakini ni miongoni mwa kazi chache za nyumbani ambazo mtoto wa miaka sita anaweza kuzifanya kikamilifu, baba anaweza kukaa nazo jioni bila kuonekana anawazuia wengine, na babu ambaye macho yamepungua anaweza kushika uzi wakati wengine wanafunga. Na kama mtu atauliza iwapo walio na shida wana nafasi ya urembo, nitamkumbusha Jitka Samkova, msichana wa miaka 7 wa kijiji cha Rudolfov, Chekoslovakia. Kijiji chao kilikuwa kimesaidiwa na UNICEF baada ya vita, naye akataka kushukuru. Karatasi haikuwepo, akachora kwenye kioo watoto wakicheza. Mchoro huo ndio uliokuwa kadi ya kwanza ya UNICEF mwaka 1949, na kadi zilizoufuata zimechangisha fedha za kuwahudumia watoto duniani kote. Wazee wetu walilisema mapema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Limebaki la mwisho, kwamba vya nyumbani havipendezi: nyota hupinda, gundi huonekana ukingoni, herufi huteremka kuelekea kona. Ni kweli havilingani na vya kiwandani, lakini kulingana kwa vile vya kiwandani hakumhusu mtu yeyote. Hakuna aliyekosea kwa ajili yako. Herufi zinazoteremka zinaonyesha mkono wa nani uliziandika na alikuwa na umri gani, na baada ya miaka kumi ndizo zitakazotazamwa. Tena pambo la kaki linajua kuondoka: likichoka hutumika kuwashia moto jikoni. Tanzania ilikataza mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini minyororo inayometameta haikuwa mifuko, na mvua za sikukuu huisukuma mitaroni, na mitaro ya Musoma huelekea ziwani.

Januari itafika na mkasi uleule utatoka tena. Madaftari mapya yatavalishwa kaki, kingo zitakunjwa, jina na somo vitaandikwa juu. Vipande vitakavyobaki ni vyembamba, na mwenye haraka atavifagia. Mwenye kuona mbali atavilaza ndani ya bahasha na kuiweka juu ya kabati, kwa kuwa anajua ni nani atakayehitaji nyota mwisho wa mwaka.