Kreatini Ipimwe Kwenye Msuli

Mlaji wa usipa, mbasa au magege wa Ziwa Nyasa, kuanzia Bujonde hadi Matema wilayani Kyela, anakula kreatini hata kama hajawahi kuliona kopo lake. Samaki na nyama nyekundu, vikiwa vibichi, huwa na takriban gramu 3 hadi 5 kwa kilo, na moto wa jikoni huiharibu sehemu yake. Mwili nao hujitengenezea kama gramu 1 kwa siku. Mtu wa kilo 70 ana akiba ya karibu gramu 120, asilimia 95 yake ikiwa misulini, ambako hurudisha upesi nguvu inayotumika katika sekunde chache za kukimbia kwa kasi au kunyanyua mzigo. Kila siku gramu 2 hivi hugeuka kreatinini na kutoka na mkojo. Anayetaka kuipandisha akiba hiyo hadi kileleni kwa kula samaki peke yake atahitaji zaidi ya nusu kilo kila siku, ndiyo maana poda ikapata soko. Sasa soko lina monohaidreti ya zamani, haidrokloridi, esta ya ethili, na ile iliyotiwa alkali, kila moja ikisifiwa kuipita ya kwanza, na kwa kawaida ikiuzwa ghali zaidi. Nashikilia kwamba sifa hizo zina mahali pamoja tu pa kuthibitishwa, napo ni ndani ya msuli.

Njia ya kupima huko ipo. Paja hupigwa ganzi, sindano nene inaingizwa, kipande kidogo cha msuli kinakatwa na kugandishwa papo hapo, kisha kinakaushwa na kupimwa kreatini yake. Kwa njia hii Roger Harris, Karin Söderlund na Eric Hultman walionyesha mwaka 1992 kwamba gramu 5 za monohaidreti, mara 4 hadi 6 kwa siku, huongeza kreatini ya msuli, na kwamba waliofaidika zaidi ni walioanza na akiba ndogo. Mwaka 1996 Hultman na wenzake wakaenda mbele: gramu 20 kwa siku kwa siku 6 ziliongeza akiba kwa takriban asilimia 20, na gramu 3 tu kwa siku zilifika palepale baada ya siku 28. Matokeo haya ndiyo yanayozibana aina mpya. Msuli una kikomo chake, na monohaidreti hufyonzwa tumboni karibu yote. Ufyonzwaji bora unaotangazwa hauna pengo kubwa la kuziba.

Esta ilipewa nafasi yake. Mwaka 2009 Spillane na wenzake waliwafuatilia wanaume 30 kwa siku 47, wengine wakipewa esta, wengine monohaidreti, wengine poda isiyo na dawa. Esta haikuishinda monohaidreti, ila iliacha kreatinini nyingi zaidi kwenye damu, dalili kwamba sehemu yake iligeuka taka kabla ya kufika ilikokusudiwa. Ile iliyotiwa alkali ilipimwa na Jagim na wenzake mwaka 2012, kwa watu 36 waliozoea mazoezi ya vyuma, vipande vya msuli vikichukuliwa. Haikuonyesha ubora wowote, si kwa dozi ndogo ya mtengenezaji wala kwa dozi kubwa iliyolingana na ya monohaidreti.

Watetezi wa haidrokloridi wana hoja ya kweli kwamba inayeyuka vizuri zaidi, ila kikombe si msuli. Monohaidreti huyeyuka kama gramu 14 kwa lita moja ya maji ya nyuzijoto 20, kwa hiyo gramu 5 zinaisha kwenye chupa ya nusu lita, na katika joto la Kyela zinaisha upesi zaidi. Isitoshe, asilimia 78 tu ya uzito wa haidrokloridi ndiyo kreatini, dhidi ya 88 ya monohaidreti. Gramu 1.5 zake hutoa chini ya gramu 1.2, wakati mwili unapoteza 2. Pingamizi zito zaidi ni kwamba baadhi ya watafiti wanaoisifu monohaidreti wamefanya kazi na viwanda vinavyoitengeneza. Ni sawa kulipa pingamizi hilo uzito. Lakini mzigo wa kuthibitisha unabaki kwa anayeuza kitu kipya kwa bei ya juu, na vipimo vya Hultman vinaweza kurudiwa na yeyote mwenye maabara.

Matokeo ya Harris yana neno kwa watu wa pwani hii ya ziwa. Kama wenye akiba ndogo ndio waliopanda sana, mtu aliyekua akila samaki huenda asione tofauti anayoiona asiyekula nyama wala samaki, na kubadilisha aina ya poda hakutamsaidia. Mkimbiaji wa mbio ndefu naye ajue kwamba uzito huongezeka, mara nyingi kilo 1 au 2, kwa kuwa msuli huvuta maji. Na anayekwenda kupima figo amwambie daktari kwamba anatumia kreatini, kwa sababu kipimo cha kawaida huangalia kreatinini ya damu, nayo inaweza kupanda bila figo kuwa na kasoro. Aliyekwisha kuambiwa ana ugonjwa wa figo asianze poda ya aina yoyote kabla ya kuzungumza na daktari wake.