DART: barabara ilitangulia, mkataba ukachelewa

Barabara ya Morogoro ilipofumuliwa mwaka 2012, wakazi wengi wa Dar es Salaam waliamini kwamba kazi ngumu ndiyo hiyo waliyokuwa wakiiona: greda, vumbi na foleni ya Ubungo iliyozidi kurefuka. Hatimaye zikapatikana kilomita 20.9 za njia za mwendokasi, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Mei 2016 mabasi yakaanza kubeba abiria. Ukiuliza ni nani aliyefanya yote hayo, utaambiwa ni DART, yaani Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka. Jibu hilo linaupa Wakala sifa nyingi kuliko stahili yake, na lawama nyingi kuliko stahili yake pia.

Wakala huo ulianzishwa mwaka 2007. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi, la enzi za Meya Kleist Sykes, Jiji lilipokuwa likitazama mfano wa mabasi ya Bogotá, Kolombia. Ujenzi ulisimamiwa na wakala wa barabara, TANROADS, ukafanywa na kampuni ya Strabag kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Leseni na viwango vya nauli vilikuwa chini ya mamlaka ya usafiri, SUMATRA, na tangu 2019 viko chini ya mrithi wake, LATRA. Kwa hiyo DART ulizaliwa kwenye nyumba ambayo vyumba vyake tayari vilikuwa na wenyewe. Chumba ulichobakiwa nacho ni mipango na mikataba.

Mikataba ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa karibu. Katika mchoro wa awali, kazi ziligawanywa makusudi. Kampuni binafsi zingenunua mabasi na kuyaendesha. Kampuni nyingine ingekusanya nauli. Fedha zingeingia kwenye mfuko wenye msimamizi wake, na DART ungeamua ratiba, ungepima huduma na kuidhinisha malipo. Mtoa huduma angelipwa hasa kwa kilomita alizotembea, si kwa vichwa alivyobeba. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Anayelipwa kwa abiria hana haraka ya kutoka kituoni hadi basi lijae, na saa nane mchana, abiria wakipungua, anaona heri aliegeshe. Hiyo ndiyo hesabu ya daladala, na daladala wanaifanya vizuri sana. Anayelipwa kwa kilomita hutoka kwa saa aliyopangiwa, basi liwe limejaa au liwe tupu. Hasara ya viti vitupu hubebwa na mfumo mzima. Ila kuna sharti: anayelipa awe ndiye anayeishika fedha.

Hapo ndipo mpango ulipopinda. Badala ya kusubiri zabuni kamili, mwaka 2015 ulitiwa saini mkataba wa huduma ya mpito na UDA-RT, kampuni iliyounganisha UDA, shirika la mabasi la jiji, na wamiliki wa daladala. Kisiasa ulikuwa uamuzi wa busara. Watu waliokuwa wanaondolewa kwenye njia yao ya riziki walipewa nafasi ndani. Mabasi 140 yakaingia barabarani, wakati hesabu ya awamu nzima ilikuwa 305. Lakini cha mpito kikakaa, na pamoja nacho ukakaa mpangilio uliompa mtoa huduma mmoja nguvu isiyo na mshindani. Wakala ukabaki na ratiba mkononi, huku mabasi yakiwa kwa mwingine. Mabasi yalipoharibika na mengine kuchelewa kuongezwa, DART haukuwa na kampuni ya pili ya kuipigia simu.

Kuna jambo jingine linalopita bila kusemwa sana: tiketi. Nauli ya njia kuu ilipoanza ilikuwa shilingi 650, bei moja iwe unashuka Magomeni au Kivukoni. Ni rahisi kwa abiria na kwa mkata tiketi. Kwa mpangaji, hata hivyo, tiketi hiyo inaeleza nusu tu ya safari, kwa kuwa haina haja ya kujua unashuka wapi. Usipojua watu wanashuka wapi, huwezi kujua ni mabasi mangapi yageuzie Ubungo asubuhi badala ya kwenda mpaka Kimara kisha kurudi mjini yakiwa yameshajaa, huku waliosubiri Shekilango wakitazama milango ikifungwa. Kadi inayogongwa wakati wa kuingia na kutoka hutatua hilo bila kununua basi hata moja jipya. Nashangaa siku zote jinsi mjadala wa mwendokasi unavyoanzia na kuishia kwenye idadi ya mabasi.

Karakana ya Jangwani nayo inaeleza mipaka ya Wakala. Kwa umbali ni mahali pazuri, karibu kabisa na Kariakoo. Kwa maji ni bonde la Msimbazi, na masika makubwa yalipokuja, mabasi yalihamishwa au yalizama. Bonde si la DART. Dawa yake imebidi itafutwe katika mradi mwingine kabisa wa Msimbazi, wenye daraja jipya na mto unaopangwa upya.

Awamu ya pili, kilomita 20.3 kuelekea Mbagala kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, ilirudia mpangilio ule ule: njia ikakamilika, kisha vituo vikakaa vikisubiri mabasi. Ya tatu inakwenda Gongo la Mboto kwa Barabara ya Nyerere. Kwa awamu zijazo ningependa kuona zabuni ya mabasi ikitangazwa siku moja na zabuni ya zege, watoa huduma wawili kwenye njia moja, na mfuko wa nauli ambao funguo zake haziko kwa mwenye mabasi.