Mji wa Kuundwa na Mji wa Kukumbukwa: Nyeri ya Miaka ya Hamsini

Katika mabishano kuhusu uhalisia, mara nyingi huchukuliwa kwamba kazi ya sanaa huzidi kuwa ya kweli kadiri inavyozidi kunakili vitu kwa usahihi. Dai hilo hujaribiwa vizuri na sanaa ya kuunda miji midogo ya mfano. Michael Paul Smith, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1950 na kufariki mwaka 2018, aliunda mji alioupa jina la Elgin Park kwa kipimo cha 1:24, yaani nusu inchi kwa kila futi ya jengo halisi. Aliweka maduka na magari yake juu ya meza nje, akayapiga picha huku miti na nyumba za kweli zikiwa nyuma, hata mtazamaji asiweze kutambua kazi ya mkono inakoishia. Mji huo ni ukumbusho wa Sewickley, Pennsylvania, alikokulia. Lakini mitaani mwake hamna mtu. Gari limesimama, taa inawaka, mwenyewe hayupo. Na ni utupu huo unaomkaribisha mtazamaji aingie na kuishi humo kwa fikira.

Linalomhusu mhakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki ni kama utupu huo waweza kuwa na maana ileile chini ya Mlima Kenya. Hamu ya zamani ipo huku pia. Husikika sifa za Nyeri, Karatina na Nanyuki za kale: safu ya maduka ya Wahindi yenye baraza na paa la mabati, gari-moshi likipanda kutoka Thika, kila mtu akimjua mwenziwe. Hata hivyo, mtaa mtupu wa Nyeri katika mwaka 1954 haukaribishi yeyote. Mtazamaji anayejua historia huona mara moja kwamba hiyo ni saa ya kafyu.

Zaidi ya hayo, Nyeri ya walowezi ilikuwa yenyewe mfano wa mji mwingine. Ilianzishwa mwaka 1902 kama kituo cha kijeshi, kisha ikapambwa ifanane na Uingereza ya mashambani. Sherbrooke Walker alijenga hoteli ya Outspan mwishoni mwa miaka ya ishirini, na mwaka 1932 akajenga Treetops. Katika uwanja wa Outspan Baden-Powell aliishi tangu 1938 hadi kufa kwake mwaka 1941, ndani ya nyumba ndogo iitwayo Paxtu. Jina hilo ni mchezo wa maneno juu ya Pax Hill, nyumba yake ya Hampshire: hii ya Nyeri ilikuwa Pax ya pili, iliyopunguzwa kipimo. Jim Corbett alikuja baadaye kutoka India akaishi katika nyumba hiyohiyo. Kwa hiyo anayeitamani Nyeri hiyo anatamani nakala, na huenda hajapata kuiona asili yake. Treetops aliyolala Binti Mfalme Elizabeth mwezi wa Februari 1952 iliteketezwa na wapiganaji wa Mau Mau mwaka 1954, ikajengwa upya mwaka 1957. Wageni wengi wa baadaye walitembezwa katika jengo la pili wakisimuliwa habari za la kwanza.

Palikuwa na miji mingine midogo iliyoundwa kwa rula wakati huohuo. Kuanzia Juni 1954 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wagikuyu, Waembu na Wameru katika nyumba zao zilizotapakaa matutani na kuwakusanya katika vijiji vya Hali ya Hatari: zaidi ya watu milioni moja, vijiji zaidi ya 800. Nyumba zilipangwa kwa mistari, handaki lenye miti iliyochongwa likazunguka, mnara wa ulinzi ukasimama juu ya yote. Mpango ulitangulia, na wenye kuishi ndio waliotakiwa kuutoshea. Baadhi ya vijiji hivyo havikuvunjwa baada ya vita, na anayekumbuka leo utoto wake mtamu wa mji mdogo aweza kuwa anakumbuka humo. Utamu wake si uongo. Watoto walicheza hata ndani ya seng'enge, nao wakaunda magari ya waya.

Fasihi imeukabili mji huu kwa njia mbalimbali. Tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo ya mwaka 1976, iliyofasiriwa na Raphael Kahaso kwa jina la *Mzalendo Kimathi*, ina mandhari haba kabisa: mahakama, seli, mtaa wa Nyeri ambamo askari wanawakamata raia. Hakuna duka lililoelezwa dirisha kwa dirisha. Lakini mwanamke anapita na mkate uliofichwa bunduki, na kwa mkate huo mmoja mji mzima unapata uzito ambao Elgin Park haina. Dosari ya tamthilia iko upande wa pili. Wale wajumbe wanaokuja kumshawishi Kimathi gerezani, wakiwamo wenye benki, Mhindi mfanyabiashara na kasisi, ni vikaragosi vya matabaka yao. Smith aliunda mji bila watu. Hapa watu wenyewe wameundwa kwa kipimo kidogo.

Meja Mwangi, mzaliwa wa Nanyuki, alikwepa mitego yote miwili katika *Little White Man* ya mwaka 1990, iliyotolewa tena baadaye kama *The Mzungu Boy*. Kariuki ni mtoto wa mpishi wa mlowezi. Huona jikoni, kijiji cha vibarua na msitu kwa macho ya mtoto, na kwa hiyo udogo wa dunia yake una sababu ndani ya hadithi. Gakaara wa Wanjau, aliyechapa vitabu vyake Karatina, alikwenda mbali zaidi: shajara yake ya kizuizini, iliyotolewa kwa Kigikuyu mwaka 1983 na kupata Tuzo ya Noma mwaka 1984, ni kazi ya mtu aliyeondolewa katika mji huo kwa nguvu.

Kwa Kiswahili, *Kaburi bila Msalaba* ya P. M. Kareithi (1969) ilifungua njia ya kusimulia vita hivyo, lakini vita ndivyo vilivyotawala. Mwenye duka wa Karatina na daftari lake la madeni, karani wa stesheni ya Kiganjo, mwanamke anayeonyesha pasi yake sokoni kabla ya kuuza viazi: hao bado wanamngoja mwandishi wa riwaya atakayewapa kimo chao kamili, pamoja na saa ya kafyu wanayoikimbilia nyumbani.