Mzigo wa Tura: Maneno ya Msafara katika Warsha za Vyuo Vikuu

Katika makala haya nakusudia kuchunguza maneno machache yatumiwayo katika warsha na semina ambazo vyuo vikuu vyetu huwafanyia walimu na watumishi wao. Sikusudii kuzilaumu warsha zote kwa jumla, kwani zipo zilizo nzuri. Nataka kuonyesha jambo moja ambalo, kwa kadiri nionavyo, halijapewa uzito unaostahili, nalo ni kwamba katika mikutano hiyo Kiswahili kimeachiwa mambo ya fedha na chakula, na Kiingereza kimekabidhiwa elimu. Ili kulieleza jambo hilo nitaanzia mbali kidogo, katika kituo cha Tura.

Tura ni kata ya Wilaya ya Uyui, Mkoa wa Tabora, na wengi huijua kwa stesheni yake ya Reli ya Kati. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, njia kuu ya misafara itokayo pwani ilipita hapo. Msafara uliokwisha kulipa hongo Ugogo, ukavuka nyika ya Mgunda Mkali iliyoogopwa kwa uhaba wa maji, ulitokea Tura, na hapo ndipo Unyamwezi ulipoanza. Richard Burton, aliyepita mwaka 1857, alieleza kwamba jina hilo ni amri ya kumwambia mpagazi atue mzigo wake. Maelezo ya wasafiri juu ya majina ya mahali si ya kuaminiwa sikuzote, lakini haya yanapatana na kanuni ya sauti. Katika maneno mengi Kiswahili kimedondosha sauti ya l kati ya irabu mahali ambapo Kinyamwezi kimeihifadhi: Mnyamwezi asema nzala, sisi twasema njaa; asema mbula, sisi mvua. Basi mtu akituambia kwamba kitenzi chetu tua kina ndugu yake huko bara mwenye l au r, hatuna sababu ya kushangaa.

Sikuitaja Tura kwa ajili ya jina lake tu. Njia ile ilikuwa na elimu yake ya kazi, tena elimu iliyopangwa vizuri kuliko wanavyodhani wale wasemao kwamba mafunzo ya kazini yaliletwa na wafadhili. Upagazi wa Wanyamwezi ulikuwa kazi ya ujira yenye miiko na sifa zake. Kijana alianza kwa kufuatana na wakubwa, naye amebeba pembe ndogo au kifurushi kidogo, mpaka mabega yake yazoee. Mzigo wa mtu mzima ulipimwa. Aghalabu ulikuwa frasila mbili, yaani kama ratili 70, na mpagazi aliijua haki yake akakataa kuzidishiwa. Kirangozi, ambaye jina lake laonekana kuwa na undugu na neno letu kiongozi, alitangulia mbele na bendera, naye pia alibeba mzigo, ijapokuwa mwepesi. Jambo hilo la mwisho naomba msomaji alikumbuke tutakapofika kwa yule aitwaye siku hizi mwezeshaji.

Sasa tuyatazame maneno. Katika msafara, posho ilikuwa chakula cha siku cha mpagazi, au nguo na shanga za kukinunulia. Masurufu yalikuwa matumizi ya njiani. Safari yenyewe ilikuwa safari. Maneno haya matatu yamedumu, tena yamedumu katika nyaraka za vyuo vikuu. Mtumishi aitwaye kwenye warsha nje ya kituo chake huomba masurufu ya safari, hulipwa posho ya kujikimu, na akirudi hutakiwa kurejesha masurufu kwa stakabadhi. Hakuna mhasibu anayelalamika kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha kwa shughuli hii. Kanuni za malipo huelezwa kinaganaga, tofauti ya posho moja na nyingine hueleweka kwa dereva na kwa profesa sawasawa, na swali likiulizwa hujibiwa palepale. Lugha ya msafara imefanya kazi yake kwa zaidi ya miaka mia moja bila ya kuchoka.

Lakini mlango wa ukumbi ukifungwa na somo likianza, lugha hubadilika. Nimewahi kuhudhuria semina ya watumishi katika chuo kimoja, ambayo somo lake lilikuwa utunzaji wa majalada. Matangazo ya asubuhi, juu ya chai na usafiri na fomu za malipo, yalitolewa kwa Kiswahili safi kabisa. Kisha mwezeshaji akasimama akafundisha kwa Kiingereza muda wa saa mbili, na majalada yaliyokuwa mezani kama mfano, barua kwa barua, yalikuwa ya Kiswahili. Watunza kumbukumbu waliokuwapo hawakuuliza swali hata moja. Wakati wa chai waliuliza mengi, wao kwa wao, na baadhi ya maswali yao yalikuwa bora kuliko somo.

Nimesikia hoja mbili za kuutetea utaratibu huu. Ya kwanza ni kwamba elimu ya juu yetu hutolewa kwa Kiingereza, kwa hiyo mafunzo ya watoao elimu hiyo lazima yafuate. Kwa mhadhiri anayejifunza kuandikia majarida ya nje hoja hii ina nguvu, nami siipingi. Lakini chuo kikuu si wahadhiri peke yao. Kina wahazili, mafundi wa maabara, watunza maktaba, walinzi, madereva na maofisa wa udahili, ambao kazi yao ya kila siku hufanyika kwa Kiswahili. Kumfundisha mlinzi namna ya kuzima moto kwa lugha asiyoitumia lindoni ni kumtwisha mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Hoja ya pili ni ile ya zamani ya istilahi, nayo imezeeka kupita kiasi. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, lilianza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu mwaka 1974. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha mwaka 1990. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imefundisha fonolojia na sintaksia kwa Kiswahili tangu ilipoanzishwa mwaka 1970. Udahili, mtaala, mhadhara, ithibati, tathmini, umahiri, stashahada, ndaki: maneno yapo, tena baadhi yake yamebandikwa juu ya milango ya ofisi zilezile ambazo warsha zake hufanywa kwa Kiingereza. Kinachokosekana ni watu kuyatumia mbele ya wenzao bila ya kuona haya.

Nisitize kidogo juu ya neno warsha. Kwa Kiarabu ni karakana, mahali pa fundi na vyombo vyake. Semina ni ya kukaa na kusikiliza na kujadiliana. Kongamano ni la watu wengi kukusanyika. Kama maneno haya yangetumiwa kwa haki, nyingi ya zile ziitwazo warsha zingepoteza jina, maana hazina nyundo wala tezo. Mwezeshaji huonyesha slaidi, washiriki hunakili. Yule kirangozi wa njia ya Tura hakuwa mwezeshaji kwa maana hii, kwa kuwa mzigo wa kwenye bega lake mwenyewe ulimfundisha mwendo gani unafaa.

Mtu ataniuliza kama upo mfano wa mafunzo ya watumishi ambamo Kiswahili kilipewa kazi ya ufundi yenyewe, si kazi ya kutangaza chai tu. Upo, tena uko Tabora. Ni Chuo cha Uhazili Tabora, ambacho baada ya Chuo cha Utumishi wa Umma kuundwa kuwa wakala wa Serikali mwaka 2000 kimekuwa tawi la chuo hicho. Makatibu wengi walioketi mbele ya milango ya wakuu wa idara katika vyuo vikuu vyetu walipita hapo. Uhazili ni kazi ya lugha kuliko kazi nyingine zote za ofisini, na moyo wake kwa muda mrefu ulikuwa hatimkato. Matangazo ya Serikali ya nafasi za ukatibu mahsusi yamekuwa yakitaka mwombaji awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza maneno 80 kwa dakika moja, na kwa ngazi za juu maneno 100. Hapa Kiswahili kimesimama pamoja na Kiingereza, kimetajwa kwanza, nacho kinatahiniwa. Ni heshima ambayo sijaiona katika warsha yoyote ya walimu wa vyuo vikuu.

Walakini, mwanaisimu akiisoma sharti hiyo mara ya pili hupata mashaka. Maneno 80 ya lugha gani? Neno la Kiswahili na neno la Kiingereza si kitu kimoja. Tuchukue usemi huu: "Hatukuwaambia watakapokutana." Ni maneno mawili yenye silabi 14. Kiingereza huhitaji maneno tisa kuusema, na silabi zake ni tisa. Walimu wa hatimkato wa Marekani waliliona tatizo hili ndani ya lugha yao wenyewe, wakaweka neno la kipimo lenye silabi 1.4, kwa hesabu hiyo maneno 80 ni silabi 112. Sasa tuchukue sentensi ya kawaida ya ofisi ya chuo: "Mkutano utafanyika kesho katika ukumbi wa chuo." Ni maneno saba, silabi 20. Kwa kiasi hicho maneno 80 ya Kiswahili ni silabi zipatazo 228, yaani zaidi ya mara mbili ya zile za Kiingereza. Sentensi moja haitoshi kuwa ushahidi wa lugha nzima, nami siitoi kwa ajili hiyo. Yatosha kuonyesha kwamba tarakimu moja haiwezi kuwa kipimo cha haki kwa lugha zote mbili. Mpagazi wa Unyamwezi angeligundua jambo hili mara tu anapouinua mzigo.

Liko na tatizo la hati yenyewe. Katika mtindo wa Isaac Pitman, uliotolewa mwaka 1837, konsonanti ndizo mifupa ya neno. Irabu huonyeshwa kwa nukta na vistari, na mwandishi wa mbio huacha nyingi, akitegemea mahali alipoliweka umbo juu ya mstari ili kuikumbuka irabu ya kwanza. Kiingereza chaweza kuvumilia upungufu huo. Tuyajaribu kwa njia hiyo maneno katibu, katiba na kitabu. Konsonanti zake ni zilezile tatu. Kitabu kitapona kwa sababu irabu yake ya kwanza ni tofauti, bali katibu na katiba hutengwa na irabu ya mwisho tu. Katibu anayenukuu maneno ya mwenyekiti juu ya katiba ya chama cha wafanyakazi hana budi kutegemea muktadha au kuongeza nukta, na kila nukta hula muda katika dakika ile ile ya maneno 80. Wazee wetu waliosoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu walikuwa na dhiki iliyofanana na hii, nao walisoma; lakini hawakuwekewa saa mezani.

Ninayasema haya bila ya kukidharau Chuo cha Uhazili. Kinyume chake, naona kwamba hapo ndipo kazi ya kweli ilipoanzwa: ufundi wa kigeni ulichukuliwa, ukatiwa ndani ya Kiswahili, ukatahiniwa kwa Kiswahili. Kilichobaki ni kipimo, ambacho kilikuja pamoja na bidhaa. Na kipimo ndicho jambo ambalo warsha zetu za sasa hazijaligusa hata kidogo. Mwezeshaji aletaye orodha ya umahiri wa mwalimu wa chuo kikuu huja na orodha iliyopimwa katika lugha nyingine, kwa darasa jingine, na hata pale inapotafsiriwa, tafsiri hubadilisha majina ikaacha tarakimu.

Fedha za mafunzo haya si kidogo. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2021 kwa mkopo wa dola milioni 425, umetenga sehemu yake kwa kuwasomesha na kuwanoa wanataaluma. Sisi wa taaluma ya lugha tumekuwa tukialikwa katika shughuli za namna hii mwishoni, kusahihisha tafsiri ya ripoti. Yafaa tuingie mwanzoni, tena na kazi mahsusi ya kufanya.

Napendekeza ya kuanzia, na ni ndogo. Wahazili kumi wenye uzoefu, waliosoma Tabora, waketi kwa siku tatu pamoja na wanaisimu wawili. Wachukue mihtasari halisi ya vikao vya vyuo vikuu, wahesabu silabi kwa neno, waimle kwa saa, na waandike ni kasi gani ya Kiswahili iliyo sawa na maneno 80 ya Kiingereza. Wanaisimu washike kalamu na wajaribu hatimkato wao wenyewe. Lugha ya mkutano iwe Kiswahili. Posho ilipwe kama kawaida.