Kicheko cha Askari Švejk

Wako watu wasemao kwamba hadithi za kuchekesha za maisha ya jeshini ni upuuzi, kwa kuwa vita ni jambo la machozi. Neno hili twataka kulipima kwa kitabu kimoja, nacho ni habari za Askari Mwema Švejk. Mwandishi wake, Jaroslav Hašek, Mcheki wa Prague, aliyajua mambo hayo mwenyewe: mwaka 1915 aliingia jeshi la Austria na Hungaria, na mwaka uo huo akatekwa na Warusi. Kitabu alianza kukitoa mwaka 1921, akafa mwaka 1923 kabla ya kukimaliza.

Švejk ni mwuza mbwa, ambaye waganga wa jeshi walikwisha kumwondoa kwa kumwona punguani. Vita vya 1914 vilipoanza, akaitwa tena. Miguu yamwuma, lakini aenda akisukumwa katika kiti cha magurudumu, huku akiinua magongo yake na kupiga kelele za vita. Hapo hucheka kila msomaji.

Baadaye awa mtumishi wa padre wa jeshi, mlevi na mcheza kamari. Siku moja padre yule acheza karata na Luteni Lukáš, naye ampoteza mtumishi wake kama mtu apotezavyo koti. Twacheka, kisha twanyamaza. Je, mtu ni mali ya kuwekwa dau? Na aliyemweka ni mchungaji wa roho! Wengine wataudhika kusoma hayo. Lakini aibu ni ya aliyelichafua vazi lake, si ya aliyesimulia.

Tena Lukáš ataka mbwa. Švejk amletea mmoja mzuri, wa kuibwa, kumbe ni wa kanali! Kanali amtambua mbwa wake njiani, na adhabu ya Lukáš ni kupelekwa vitani, yeye na mtumishi wake. Tazameni: kwa ajili ya mbwa, watu wawili waelekezwa penye mauti. Mwandishi hatuhubirii neno hilo. Atuchekesha mpaka tulione wenyewe.

Kasoro haikosi. Švejk akiulizwa neno moja hujibu kwa kisa kirefu, hata msomaji huchoka. Na wizi wake haujutii.

Hata hivyo, si upuuzi. Kicheko kimdharauye aliyeumia ni kiovu; kicheko kimfichuacho mwenye kudhalilisha watu chatufaa. Basi wazee waliokuwa askari watusimuliapo visa vya kambini, tucheke nao, kisha tuwaulize: ni nani aliyeumia siku ile?