Namba Iliyonakiliwa

Kosa li katika kalamu, na nalisema mapema kwa kuwa wasomaji wa safu hii wanakijua kile kiti cha kupimia macho na wanalijua daftari la kuagizia lenzi, hivyo sina haja ya kuwazungusha. Mpimaji alisoma namba ya miwani ya shemeji yangu, -6.00 kwa macho yote mawili, kisha, pasipo kuinua kichwa, akaandika -6.00 katika agizo la lenzi za machoni.

Shemeji ni mshona kofia za viua, na mwaka huu amefikisha miaka 40. Siku ya tatu tangu azivae lenzi hizo alinijia barazani, mikono yote miwili ameinyosha mbele, kofia i mbali naye kama sahani ya moto, na kidole cha shahada kimechomwa sindano mara mbili. "Shemeji," akaniambia, "mnara wa ng'ambo nauona hata nyufa zake, lakini vitobo hivi vimenitoroka."

Vingekosaje kumtoroka? Kioo cha miwani hukaa takriban milimita 12 mbele ya konea, ilhali lenzi huikalia konea yenyewe. Kwa hiyo namba ya -6.00 katika miwani, ikihamishiwa jichoni, hubakia takriban -5.60, na kila ipitayo -4.00 haina budi kuhesabiwa upya. Hilo ni somo la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Juu ya hayo, miwani ya asiyeona mbali humpunguzia mvaaji kazi ya karibu, na huyasaidia macho mawili kugeukiana kana kwamba yamewekewa mche. Naye aivuapo, himaya hiyo yote huondoka. Katika masafa ya sentimita 33, ambayo ndiyo masafa ya sindano, shemeji kwa miwani yake alikaza dayopta 2.6, kwa lenzi iliyonakiliwa akatakiwa kukaza 3.4. Kwa hesabu ya Donders, mtu wa miaka 40 ana dayopta 4.5 tu katika hazina yake. Alikuwa akitumia zaidi kidogo ya nusu, sasa anadaiwa robo tatu, kutwa nzima, kwa ujira ule ule.

Mengineyo yalikuwa sawa: mpindo wa konea ulipimwa, lenzi iliteleza ipasavyo kila alipopepesa, na kunawa mikono alifundishwa vema.

Aliporudi kushtaki aliambiwa, "Utazoea." Neno hili nina ugomvi nalo wa miaka mingi, na wasomaji wanisamehe nikilirudia. Konea huizoea lenzi, na kope huacha kuwasha baada ya siku chache, waama. Lakini dayopta iliyozidi haizoeleki, hulipwa kwa maumivu ya kipaji kila alasiri. Tena alijaribiwa kwa ubao wa herufi wa mita 6 peke yake, na hapana aliyempa hata kipande cha gazeti akishike, sembuse kofia.

Thomas Young, mwaka 1801, alilizamisha jicho lake mwenyewe katika maji ili aipokonye konea nguvu yake na kujua ni kiungo gani kikazacho. Otto Wichterle, mwaka 1961, alimimina lenzi laini nyumbani kwake kwa mtambo alioufanya kwa vipande vya kuchezea watoto. Wazee wale hawakuwa na mashine ya kuchapa namba, na labda ndiyo sababu walizifikiri. Leo namba hutoka mashinini, na hushushwa karatasini kama iliyoteremshwa kutoka mbinguni.

Laiti angaliandika -5.50, shemeji angalikaza takriban 2.9, si raha kamili, lakini ni kazi ya kuvumilika, na miwani hafifu ya kusomea ingalimalizia wakati wa kushona.

Jana nilimkuta barazani amevaa miwani yake ya zamani, sikio moja limefungwa uzi mweupe wa kofia, na mzunguko wa tatu wa vitobo umekwisha. Lenzi zimo kabatini ndani ya maji yake. Dukani hajarudi tena.