Mpaka wa Karibu, Soko la Mbali: Kuchagua Njia ya Ajira ya Nje kutoka Ufipa

Tanzania ni mwanachama wa jumuiya mbili za kikanda ambazo kila moja ina masharti yake kuhusu raia anayevuka mpaka kutafuta kazi: Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ambayo wengi huijua kwa kifupi chake, SADC. Ni katika mkoa wa Rukwa ambapo tofauti ya jumuiya hizo huonekana waziwazi, kwa sababu Sumbawanga, mji ulioketi juu ya uwanda wa Ufipa kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, uko takribani kilomita 100 tu kutoka kituo cha mpaka cha Kasesya wilayani Kalambo, na anayevuka hapo huingia upande wa Mbala, nchini Zambia, ambako Wamambwe na Walungu wana ndugu zao wa damu. Nairobi, Kampala na Kigali ziko mbali, na safari ya basi kuzifikia haimaliziki kwa siku moja. Hata hivyo, Zambia haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na hivyo ujirani unamvuta mtafuta kazi wa Ufipa kusini ilhali haki iliyoandikwa kisheria inamwelekeza kaskazini.

Haki hiyo imo katika Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyotiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Itifaki ni mkataba wa ziada unaotekeleza sehemu fulani ya mkataba mkuu wa jumuiya. Ibara yake ya 10 inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuomba kazi katika nchi nyingine mwanachama, kuingia mkataba wa ajira, kukaa huko kwa muda wa mkataba, na kufuatana na mwenzi wake wa ndoa pamoja na watoto. Uzito wa itifaki hii, hata hivyo, hauko katika tamko la haki pekee, bali katika kanuni zilizoambatanishwa nayo, ambazo zimeweka ratiba: mfanyakazi aliyepata mkataba wa zaidi ya siku 90 anapaswa kuomba kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ukamilike, na mamlaka husika ya nchi mwenyeji inapaswa kutoa uamuzi ndani ya siku 30, kwa kibali cha awali kisichozidi miaka miwili kinachoweza kuongezwa muda. Palipo na siku zinazohesabika, mwombaji ana mahali pa kusimama anapocheleweshwa. Pasipo na siku, hana la kufanya ila kungoja hisani ya ofisi.

Mlango huo, pamoja na hayo, haukufunguliwa kwa kila kazi. Kila nchi iliambatanisha jedwali la ahadi, yaani orodha ya kada za kazi ilizokubali kuwafungulia raia wa nchi nyingine wanachama, na majedwali hayo hayafanani: kada iliyofunguliwa katika nchi moja yaweza kuwa haikutajwa kabisa katika nyingine. Aidha, Ibara ya 10 haihusu ajira katika utumishi wa umma, isipokuwa sheria za nchi mwenyeji zinaruhusu. Sharti hili linamgusa mtu wa Ufipa kwa karibu sana, kwa kuwa wasomi wengi wa mikoa ya pembezoni ni walimu na wauguzi, ambao mwajiri wao mkubwa katika nchi yoyote ya ukanda huu ni serikali. Mwalimu wa fizikia kutoka Sumbawanga anayetaka kufundisha Uganda anapaswa kuilenga shule binafsi, tena baada ya kulisoma jedwali la Uganda. Wahasibu na wasanifu majengo wamepata nafuu kutokana na makubaliano ya kutambuana sifa za kitaaluma ya mwaka 2011, na wahandisi wakafuata mwaka 2012. Fundi bomba aliyejifunza kazi kwa fundi mkubwa, bila cheti, hana makubaliano ya aina hiyo ya kuegemea, na hili ni pengo linalostahili kulalamikiwa kwa sauti kubwa zaidi ya inavyofanyika sasa.

Upande wa kusini hali ni nyingine. SADC iliandaa Itifaki ya Uwezeshaji wa Uhamaji wa Watu, iliyotiwa saini Agosti 2005, lakini nchi zilizoiridhia, yaani zilizoithibitisha kupitia taratibu zao za ndani baada ya saini, hazikufikia theluthi mbili inayotakiwa ili ianze kutumika. Kwa sababu hiyo Mtanzania anayeingia Zambia kufanya kazi huingia chini ya sheria ya uhamiaji ya Zambia yenyewe, ya mwaka 2010. Muhuri anaogongewa Kasesya kwenye ukurasa wa pasipoti humpa siku za kutembelea, haumpi ruhusa ya kuajiriwa, na kibali cha kazi humtegemea mwajiri aliye tayari kumwombea na kueleza kwa nini nafasi hiyo haikujazwa na Mzambia. Kosa la kawaida, na lenye gharama kubwa, ni kudhani kwamba wepesi wa kuvuka ni wepesi wa kuajiriwa.

Dhana hiyo ina historia nyuma yake. Katika enzi ya ukoloni wa Kiingereza, wanaume wa Ufipa walikuwa na njia mbili kuu za kazi ya mshahara mbali na nyumbani. Njia ya kwanza ilikwenda mashamba ya mkonge, hasa ya Tanga, na kuanzia mwaka 1944 ilisimamiwa na SILABU, chombo cha wenye mashamba cha kuandikisha vibarua: aliyeandikishwa alipata mkataba na usafiri, akawa mmoja wa wale walioitwa manamba. Njia ya pili ilipita Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na huko wengi walikwenda kwa gharama zao wenyewe na kujitafutia nafasi wakishafika. Njia ya mbali ilikuwa na utaratibu, na ya karibu ilimwachia msafiri mzigo wote wa kubahatisha. Mgawanyo huo wa mzigo haujabadilika sana, ingawa utaratibu wa leo unampa mfanyakazi haki ambazo manamba hakuwahi kuziota.

Kuchagua miongoni mwa mipango ya kikanda si jambo la Afrika pekee. Nchini Kanada, tangu mwaka 1998, majimbo yamekuwa yakiteua wahamiaji kulingana na mahitaji yao ya kazi, na Quebec huchagua wa kwake chini ya makubaliano ya mwaka 1991, hivyo mwombaji hulinganisha majimbo kabla ya kujaza fomu. Mtafuta kazi wa Rukwa anapaswa kuzilinganisha nchi kwa umakini uleule, ikiwemo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jirani wa ng'ambo ya ziwa, ambayo tangu mwaka 2022 imo katika jumuiya zote mbili, ingawa uanachama ni jambo moja na utekelezaji wa soko la pamoja ni jambo jingine.

Kwa mwenye taaluma inayotambuliwa, uamuzi wenye busara ni kuanza na Soko la Pamoja, hata kama nauli ni kubwa na Kiingereza au Kinyarwanda kitamsumbua mwanzoni. Zambia ichaguliwe pale tu mwajiri anapokuwa ameshakubali kuomba kibali, na makubaliano hayo yapatikane kwa maandishi kabla ya kuondoka Sumbawanga. Kwa njia zote mbili pasipoti ndiyo hatua ya kwanza, kwa kuwa Tanzania haikujiunga na Kenya, Uganda na Rwanda katika utaratibu wao wa kuvuka mipaka kwa kitambulisho cha taifa.